Karafuu Mbichi Malaz

Jumamosi, usiku, mtaani kwetu Malaz

Na bado sijui niliite nini lililotokea leo. Binti yangu Salma aliandika kazi ya shule kuhusu maua ya taifa: khuzama, ua la zambarau la jangwani, ya hapa Saudia na karafuu ya kwetu Zanzibar, iliyowatajirisha wachache na kuwatumikisha wengi. Akamuuliza bibi yake, mama yangu, kwa nini huchumwa kabla ya kuchanua.

"Ikichanua haina thamani," mama akajibu. Kisha akanusa. "Nani kaleta karafuu mbichi?"

Hatuna. Lakini nami niliisikia harufu.

Mara mama mdogo akampigia mama simu kutoka Jidda. "Nyumba yangu inanuka karafuu mbichi. Kaka yetu Pemba mzima?"

Tulipompigia mjomba, simu yake ilipokelewa na jirani, akatuambia: mjomba ameanguka mkarafuuni asubuhi, kazikwa alasiri.

Mama hajalia. Amefungua madirisha yote harufu itoke, na nje kuna vumbi.