Kelele Isiyosikika kwa Sikio

Mbarara, Jumanne asubuhi

Kaka Bahati, amani kwako na kwa Mama hapo kambini Juru.

Nimeomba dukani mashine ya kutoa mawimbi ya kupimia redio, yenye kelele kidogo. Muuzaji akawasha mpya. "Nyabo," akaniita bibi kwa lugha ya hapa, "sikia, kimya kabisa."

"Kelele ninayosema mimi ni uchafu wa mawimbi," nikamwambia. "Inaonekana kwenye skrini."

Akacheka. "Nyinyi Wakongo mnaona kelele?"

Tukatazama kwenye skrini mawimbi ya hiyo mpya, kisha ya moja ya zamani iliyokuwa dukani. Mstari wa ile mpya ulikuwa mnene, unatetemeka. Ungetufanya tuseme redio nzuri ni mbovu. Feni ya mashine ya zamani ilinguruma kama kinu cha unga, lakini mstari wake ulisimama mwembamba kama uzi. Nimeichukua hiyo.

Chumba cha Mama kimepakana na karakana yetu ya redio. Mwombe radhi kabla sijafika.

Nawapenda,
Neema