Mashine ya Baba Mkwe Ina Viini Vitano, Nichague Kipi?

Shangazi mpendwa, nakuomba unisaidie na nakuomba usicheke kabla hujafika mwisho, maana hata mume wangu nilipomweleza alicheka, akasema wenzako wanachanganywa na wanaume, wewe unachanganywa na kompyuta, kisha akachukua mfuko wake akaenda kazini.

Mimi ni fundi viatu, na viatu vyetu si vya kununua dukani, ni vya watu ambao mguu mmoja ni mfupi au umepinda au vidole vimejikunja, kwa hiyo kila mteja tunamchongea kalibu zake, yaani miguu ya mbao ambayo kiatu kinashonwa juu yake, na zinachongwa na mashine inayoongozwa na kompyuta. Mashine hiyo aliiunda baba mkwe wangu kwa mikono yake, na kompyuta akaiwekea mfumo ambao mjini humu sijaona mwingine anayeutumia, fundi simu wa jirani alipouona aliuliza kama ni mchezo wa watoto. Sasa macho ya Baba yamepungua nguvu, kazi amenikabidhi mimi, yeye anakaa chumba cha pili anapaka soli gundi, na mlango wa katikati huwa wazi.

Sasa Shangazi, ukiwasha kompyuta hiyo, kabla ya kitu chochote inatokea orodha kwenye kioo cheusi inataka uchague kiini, na kiini nilivyoelezwa ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, ndiyo inayozungumza na mashine, na zamani vilikuwa viwili tu, cha kawaida na cha Baba ambacho mwenyewe anakiita cha papo kwa papo, akaniambia, "Mwanangu, chagua hicho na usiniulize." Tatizo ukiwasha hicho mtandao hakuna, maandishi yanakuwa makubwa kama ya darasa la kwanza, na michoro ya wateja lazima niihamishe kwa flashi. Ndipo akaja shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye tunamwita Injinia ingawa chuo hakumaliza, akasema, "Shem, mnateseka bure, Mzee ana mambo ya kale," akaweka kiini kipya, mtandao ukaja, kioo kikang'aa, muziki ukapiga, nikafurahi, Shangazi, sitaki kukudanganya. Baada ya wiki akaongeza kingine akasema hiki ni chepesi, halafu kingine cha majaribio, nusu kama cha Baba nusu kama chake, sasa vimekuwa vitano, vina majina marefu ya namba zinazofanana, na usipochagua ndani ya sekunde kumi cha juu kinajichagua chenyewe, nami mara nyingi nakuwa nimeshika kikombe cha chai.

Nikaona ili nisimuudhi mtu niwape zamu. Asubuhi cha Injinia, Baba akimaliza gundi na kusogea upande wangu nazima haraka nawasha cha kwake, na kwa kuwa sikujua kama kazi ya kiini hiki inaonekana kwenye kingine, kila mchoro nikauhifadhi mara tano, tano Shangazi, na sasa sijui upi ndio wa mwisho. Juzi Baba akaita kutoka kule chumbani, "Mwanangu, mbona mashine inakwamakwama? Umewasha kipi?" Nikamjibu, "Ni chako, Baba, ni vumbi tu." Akaja na brashi, akasafisha reli yote ya mashine kwa kupapasa, na vumbi lenyewe halikuwepo, nami nimesimama pale natamani ardhi ipasuke inimeze.

Halafu kuna mteja wetu mmoja, mwalimu wa kike, tumemshonea miaka sita, alirudi na viatu vipya mkononi, kisigino amekifunga bandeji, akasema, "Samahani mama, nawasumbua, naona mguu wangu umeanza kubadilika tena." Nikamwambia pole, mwili ndivyo ulivyo. Injinia nilipomuuliza akasema kosa kama lipo ni la mbao. Shangazi, kichwa kinanizunguka. Cha Baba kinaninyima mtandao, cha Injinia sikielewi, chepesi sioni wepesi wake uko wapi, cha majaribio naogopa hata jina lake, na cha kawaida wote wawili wanakidharau na hakuna aliyeniambia kilikosa nini. Nichague kipi?

Fundi viatu niliyechanganyikiwa

SHANGAZI ANAJIBU

Fundi wangu, sikucheka. Nilisoma mara mbili, na mara ya pili nilikasirika.

Kompyuta mimi naijua kuwasha na kuzima, kwa hiyo barua yako nilimpelekea fundi anayetunza mitambo ya kuchapia gazeti hili. Hakufikiri hata dakika moja. Kiini cha papo kwa papo, anasema, hakina mbio kushinda vingine, ila hakichelewi. Mashine inayochonga inasubiri amri kwa wakati wake hasa. Hivi vingine vikiwa vinashughulika na mtandao na huo muziki wako, amri inachelewa kidogo tu, mota inaruka hatua, na kalibu inatoka na kasoro bila mashine kulalamika. Basi chonga kwa cha baba mkwe wako, mjadala umekwisha. Na michoro iko kwenye diski ileile, uwashe kiini chochote utaikuta. Zamu wape wake wenza, mama, viini havioneani wivu.

Injinia hakukosea kukipenda chake. Alikosea kukiingiza karakana bila kuchonga hata kalibu moja na kuipima. Lakini wewe je? Wewe ndiye fundi. Kipimo unacho, na kalibu za zamani za mwalimu najua ziko rafuni. Ungeweka ya zamani na mpya pamoja, ungepata jibu kabla chai haijapoa. Hukupima kwa sababu uliogopa jibu, ukaamua kufunika kombe mwanaharamu apite. Nakuonea huruma, kukaa kati ya mkwe na shemeji si kazi ndogo, ila mzee asiyeona vizuri umemwacha asugue uongo wako kwa brashi. Hilo limeniuma.

Mwombe Baba radhi, na umweleze yote, hata muziki. Masikio yake yalishamwambia, hatashangaa sana. Injinia naye mwite, akipange cha Baba kiwe ndicho kinachojichagua, cha kawaida kibaki cha akiba siku kingine kikigoma kuwaka, vilivyobaki avitoe mwenyewe kwa mkono wake. Mtandao utafutie kompyuta nyingine, hata kuukuu, na flashi haijawahi kumuua mtu. Kisha kila kalibu iliyochongwa tangu kiini kipya kije ipimwe, na yenye kasoro iende kuwa kuni.

Hayo yote yanaweza kusubiri hadi mchana. Kuna moja lisilosubiri. Umeniandikia kurasa mbili za viini, na mwalimu umempa mistari michache. Mwanamke ametembea na kidonda ulichomtengenezea, kisha akakuomba radhi wewe, nawe ukaipokea. Usimpigie simu. Mfuate shuleni kwake asubuhi kabla vipindi havijaanza, upige magoti umpime upya, na umwambie kwa mdomo wako kwamba mguu wake haujabadilika.