Juisi ya Zereshki

Mujukuu wangu Furaha,

Hapa Goma, mutaani Katoyi, tuko wazima, na mama yako mudogo amejifungua musichana. Unauliza kama zereshki, yale matunda madogo makavu, machachu, aliyokupa jirani yako Muirani, yatatoa juisi kama yangu ya marakuja. Yaoshe, yaloweke katika maji ya moto, uchuje, utie sukari kidogo tu.

Tulipohamia Goma kutoka Masisi, nikiwa musichana, mama yangu alikataa kila kinywaji. Alitamani matunda machachu ya pori la kwetu. Nikamukamulia marakuja, matunda machachu ya sokoni Goma. Alikunywa polepole, machozi yakamutoka.

«Hii si ya kwetu,» akasema. «Niongezee.»

Ndivyo ninavyoisikiliza sauti yako kwenye simu, wewe uliye mbali.

Mimi koko wako, ninayetamani kukuona