Palizi ya Mwisho ya Kaka Masunga

Kaka Masunga,

Mwangaluka. Huku Bariadi mvua imeanza, na kiti chako cha ofisini bado hatujakiondoa pale dirishani.

Marekebisho ya programu uliyonitumia wiki ile uliyolazwa niliyaacha bila kuyafungua. Kila asubuhi mfumo ulinionyesha: kazi ya Masunga inasubiri ukaguzi wa Minza. Nilijua zahanati ya Ngulyati haipokei majibu ya vipimo kwa sababu programu yetu haielewi anwani mpya za mtandao. Nilijua, na bado sikufungua. Kilichokuwa kinasubiri kilikuwa chako, Kaka. Nikikipitisha, hutanitumia kingine tena.

Kisha baba yako akapiga simu kutoka Lingeka. Unaijua desturi ya kwenu: tulipokuzika, waombolezaji hawakutawanyika mpaka pamba yako ilipopaliliwa yote. Hata mimi nilishika jembe, wanawake wa kwenu wakaicheka mikono yangu laini. Mzee akaniuliza, "Minza, shamba lake la huku tumelimaliza. Na la huko mjini, nani analipalilia?" Nililia, yeye akanisubiri kwenye simu.

Siku hiyo nikafungua. Ulikuwa umeandika vizuri, kama kawaida yako. Anwani hizi mpya zina nukta mbili kila mahali, na namba ya poti, ule mlango wa kompyuta unaopokea ujumbe, nayo hutanguliwa na nukta mbili, basi programu ikawa haijui anwani inaishia wapi. Wewe ukaizungushia anwani mabano, ukaacha poti nje. Ngulyati ikakubali. Nikajaribu zahanati ya Mwamapalala, ikagoma: kompyuta yao hutuma anwani ikiwa na mabano tayari, nawe ukaivika mengine juu yake. Ulikuwa unaumwa, Kaka. Nilitamani nifumbe macho nipitishe tu. Lakini nikakusikia: "Dada, ukinionea huruma mimi, utamfanyia nani ukali?"

Basi nimekukatalia. Nimeandika sababu pale pale chini ya kazi yako, nikijua hakuna wa kunijibu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko hata kaburini. Halafu nikaongeza sharti: kama mabano yapo, yaachwe. Kwa kuwa kwetu hakuna anayejipitishia kazi yake, nikampa mwenzetu Dotto akague. Akanirudishia, eti sijaweka majaribio ya kuthibitisha kwamba inafanya kazi. Ungecheka sana. Nikayaweka, akapitisha.

Leo Ngulyati wamepokea majibu, na Mwamapalala wanaendelea kama jana. Asubuhi nimefungua mashine, na hakuna kinachosubiri kutoka kwako. Nimekaa nikitazama pale patupu mpaka chai ikapoa.

Lala salama, Kaka yangu. Kazi za hawa vijana wapya nitazikagua kwa ukali ule ule ulionifundisha, hata nikimpenda mwenye kazi. Baba yako nimeshampigia. Nimemwambia, Mzee, na la huku tumelimaliza.

Mdogo wako,
Minza