Aliyefyeka Kona ya Ndege Wetu

Haloo, Oighrig, uko? Shoga, huyu mgeni wa nyumba yangu ya pwani nitamtosa baharini!

Yule Bwana Desmond, mwenye darubini ndefu kama bunduki. Nimempelekea mayai, namkuta anafyeka kona ya majani marefu. Kona wanakotagia ndege wetu! Marehemu mume wangu hakuthubutu kuigusa kabla ya Agosti, vifaranga hawajakua, na fyekeo lenyewe ni lake, limechukuliwa bandani bila hodi.

Tena anafyeka kutoka pembeni, akizunguka kuja katikati. Kutoka pembeni, Oighrig! Nani hapa kisiwani hajui kwamba unaanzia katikati, ili vifaranga wakimbilie nje? Wamebaki wamejibana kwenye majani yasiyozidi upana wa meza.

"Bibi, palikuwa pori, nikaona nikusaidie. Nami nipate picha safi ya ndege."

"Pori ni kichwa chako! Weka chini hilo fyekeo."

"Lakini nyumba nimeilipia."

"Umelipia nyumba. Ndege hukulipia."

Nikatandaza majani aliyokata, yawe njia ya kujifichia hadi kwenye kichaka cha upupu kilicho chini ya dirisha langu. Nikangoja. Mama ndege akatoka, vifaranga saba weusi nyuma yake. Na huyo bwana akainua kamera! Nikaifunika kwa aproni.

Sasa amesimama uani, ananiuliza, "Bibi, wamejificha wapi?" Na ndege dume analia hapo chini ya dirisha, sauti inakwaruza kama kitana, hata kiziwi angesikia.

Nimemwambia mimi kizee, masikio yangu yamekufa. Feri yake ni Jumamosi. Kabla ya hapo hayafufuki.