Nilivyoilaza Alama ya Mzee Guyo

Alhamisi, baada ya Asri. Wabera.

Upepo haujatulia tangu asubuhi, na vumbi limeingia mpaka ndani ya kibodi. Siku nyingine ningelalamika. Leo sina hata nguvu ya kupangusa meza. Naandika hapa kwa sababu nisipoandika nitapasuka.

Kuna mtu ameitwa mwizi kwa sababu ya vistari viwili ambavyo mimi sikuvitazama.

Nieleze polepole, maana hata mimi bado siamini. Mbali na kuchapa na kutoa kopi hapa dukani, ninaendesha ule ukurasa wa matangazo: mifugo iliyopotea, harusi, tanzia, shamba la kukodisha kule Burat. Mtu akileta tangazo, mimi ndiye ninayelibandika kwenye tovuti na kulipamba. Kulipamba ni kazi ya alama chache tu. Ukiweka nyota mbili mbele ya neno na mbili nyuma yake, linatoka kwa herufi nzito. Ukiweka kistari cha chini mbele na kingine nyuma, neno linainama upande, ndiyo ile tunaita mlazo. Ukianza mstari kwa alama ya reli, ile unayomalizia nayo ukiangalia salio la simu, unapata kichwa kikubwa. Alama zenyewe hazionekani tena. Mtambo unazimeza, unaacha pambo.

Najivunia kazi hii. Kusema kweli, najivunia kupita kiasi. Mwezi uliopita mwenye duka mmoja wa hapa mtaani alijifanya anajua, akabandika tangazo lake mwenyewe, akaanza nambari yake ya simu kwa alama ya reli. Nambari ikatoka kubwa kuliko jina la duka. Nilimcheka wiki nzima na kila mteja nikamsimulia. Nyani haoni kundule.

Juzi Jumanne Kame akaniletea tangazo la baba yake. Kame ni rafiki yangu tangu shule ya msingi. Baba yake, Mzee Guyo, anafuga ngamia upande wa Burat, na ngamia wake mmoja, jike mweupe mwenye mimba, alikuwa amepotea malishoni kwa siku tano. Kame aliniandikia kwa ujumbe wa kawaida wa simu kwa kuwa bando lilikuwa limemwishia na picha isingeweza kwenda. Aliandika rangi, umri, mahali alipoonekana mwisho, na alama ya moto iliyoko paja la kushoto.

Kwa asiyefuga, alama ya moto ndiyo kitambulisho cha mnyama. Mtu anaweza kubishana nawe juu ya rangi au umri, lakini alama inamaliza maneno. Alama ya Mzee Guyo ni fimbo iliyosimama ardhini: mstari mmoja wima, na chini yake mstari mwingine mrefu, ndio ardhi. Mzee aliichora mchangani kwa kidole, na Kame akatafuta kwenye simu vitu vya kuifananisha. Akapata: kistari cha chini, mstari wima, kistari cha chini. Ukivitazama pamoja, kweli unaona fimbo imesimama. Mtoto wa mfugaji ana akili. Siviandiki hapa vyenyewe, naogopa.

Anayejua kazi hii ameshashika kichwa. Mimi Jumanne nilikuwa napiga mluzi.

Nilinakili, nikabandika, nikalizungushia nyota neno AMEPOTEA, nikabofya Chapisha. Pale kando kuna kitufe cha Hakiki, cha kulitazama tangazo kabla halijatoka. Sikukigusa. Najiambia kwamba kulikuwa na foleni ya watu wa kopi. Foleni ilikuwepo, ndiyo, lakini sababu ya kweli ni kwamba siku hizi najiona nimehitimu.

Mtambo ukaona vistari viwili vya chini, kimoja mbele na kimoja nyuma, ukafikiri nataka mlazo. Ukavimeza vistari, ukauinamisha mstari wa katikati. Ardhi ikapotea. Ikabaki fimbo peke yake, imelala upande.

Na fimbo iliyolala, paja la kushoto, ni alama ya mtu mwingine.

Leo saa nne Kame akapiga simu akicheka. "Dija, ngamia ameshikwa Oldonyiro! Na mwizi pia ameshikwa." Niliruka kutoka kitini. Niliwaambia watu wote waliokuwa dukani. Niseme na aibu yangu nyingine: kabla sijakata simu nilikuwa nimeshatunga kichwani tangazo la kujisifu, jinsi ukurasa wetu unavyorudisha mali za watu.

Dakika kumi baadaye Kame akanitumia picha aliyoipata kutoka huko. Paja jeupe, mstari mmoja, umeinama. Kame akapiga tena, na safari hii hakuwa anacheka.

"Baba anasema hii si yetu. Yetu inasimama, hii imelala. Wewe uliandika nini?"

Nikafungua ukurasa. Tangu Jumanne nilikuwa nimeufungua labda mara ishirini, nikisoma idadi ya watu waliolitazama lile tangazo na kufurahi. Ile alama ilikuwa pale pale mbele ya macho yangu mara zote ishirini. Mimi ni mtoto wa mjini. Kwangu ulikuwa mstari tu, tena nakumbuka niliuona umekaa kwa madaha.



Aliyeshikwa anaitwa Mzee Ekai. Naye anakaa Burat, na ngamia huyo alizaliwa kwake. Alikuwa amemswaga kwa miguu siku tatu hadi Oldonyiro kumkabidhi kwa wakwe, mahari ya kijana wake. Jana alasiri wazee wa pande zote mbili wamekaa, chai imemiminwa, na mtu mmoja akatoa simu akaanza kusoma tangazo langu kwa sauti. Jike. Mweupe. Ana mimba. Kutoka Burat. Paja la kushoto. Halafu akawaonyesha wenzake alama kwenye simu, na wote wakageuka kumtazama ngamia.

Mzee Ekai akaulizwa amemtoa wapi. Alisema, na hakuna aliyemwamini, kwa sababu simu ilishasema. Amelala kwenye kituo cha chifu. Wakwe wakatamka kwamba hawapokei mnyama wa wizi na binti yao haendi nyumba ya mwizi. Mwenyewe nimeyasikia haya yote kwa Kame.

Ninachokiandika sasa ndicho kinachoniuma zaidi.

Sikumwambia Kame ukweli. Niliingia kwenye tovuti nikalirekebisha tangazo kimyakimya. Ni kazi ndogo: kabla ya kila kistari cha chini unaweka kijistari kinachoegemea nyuma, na mtambo unajua kwamba hapa hakuna pambo, uache kama ilivyo. Haikufika dakika moja. Ardhi ikarudi, fimbo ikasimama. Kisha nikamwambia rafiki yangu wa miaka ishirini: "Angalia tena, mbona iko sawa? Labda hao watu hawakuangalia vizuri."

Ulimi wangu ulisema hivyo. Nimejaribu tangu asubuhi kuutafutia udhuru na sijapata.

Haikupita saa nzima. Kule Oldonyiro watu walikuwa na picha za skrini za jana, zinaonyesha fimbo imelala. Leo wanafungua ukurasa, fimbo imesimama. Wao hawajui mambo ya vistari na mlazo. Wanachojua ni kwamba tangazo ni la Mzee Guyo, na maneno ya Mzee Guyo yamebadilika usiku mmoja baada ya mtu kushikwa. Wengine wakasema amehongwa ili amwokoe mwizi. Wengine wakasema tangu mwanzo alikuwa na njama ya kumwaibisha Ekai kwa wakwe zake.

Kame alipopiga mara ya tatu alikuwa analia. "Baba yangu hajawahi kugeuza neno maisha yake yote. Saa hii watu wanamuuliza amekula nini."

Jana nilimharibia mzee mmoja bila kujua. Leo nikamharibia wa pili nikijua.

Nikamwambia. Nilisema yote, kistari kwa kistari, pamoja na ule uongo wa "mbona iko sawa". Kame akasema, "Pigia chifu sasa hivi. Usipitie kwangu." Akakata. Tangu hapo hajapokea simu yangu, na simlaumu.

Chifu wa kule alikuwa mpole kuliko nilivyostahili. Aliniambia wazee wako hapo hapo, akaweka simu kwenye spika. Nilitoa salamu, salaam aleikum kwa walioitikia na habari zenu kwa waliobaki, kisha nikaanza kueleza. Nilieleza vibaya sana. Nilisema mtambo, nikasema msimbo, nikasema mpangilio wa maandishi. Nilikuwa nikisikia upepo wa huko ukipiga simu, na mtu akikohoa.

Mzee mmoja akanikatiza. "Ngoja kwanza. Hiyo fimbo ya Guyo ilikuwa inasimama?"

"Ndio, mzee."

"Sasa nani alilaza?"

Nikasema ni kompyuta.

"Kompyuta iko na mkono?"

Dukani palikuwa na wateja wawili na wote walikuwa wananitazama. Nikasema, "Ni mimi, mzee." Sijui kama sauti ilifika. Akanirudisha niseme tena, nikasema tena.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Chifu alimwachilia Mzee Ekai na ngamia wake akafunguliwa. Mzee Guyo, kwa simu yake mwenyewe, aliwaambia kwamba wake bado hajaonekana na kwamba hajawahi kumtaja Ekai popote. Nikadhani sasa nitapumua. Ndipo Mzee Ekai akaomba apewe simu. Nilikuwa sijawahi kusikia sauti yake. Ni sauti ya chini, ya mtu aliyechoka.

"Wewe msichana, mimi sina maneno mbaya na wewe. Lakini msamaha ya simu mimi sitaki. Mimi niliitwa mwizi hapa, wakwe wakisikia. Ukuje useme hapa, wakisikia."

Wakwe wamekubali kungoja mpaka kesho. Hawajasema watapokea ngamia, hawajasema watamkataa. Wamesema watamsikiliza mwenye kosa kwanza. Ndoa ya kijana ambaye sijawahi kumwona sasa imekaa juu ya maneno yangu, mimi niliyeshindwa kutazama mstari mmoja.

Nimebandika juu kabisa ya ukurasa, kwa kichwa kikubwa, kwamba Mzee Ekai si mwizi, ngamia ni wake, na kosa ni la mwendesha ukurasa. Nimebofya Hakiki mara nne kabla ya kuchapisha. Lakini baada ya Adhuhuri mteja alikuja kutoa kopi ya kitambulisho, na akiwa anangoja akanisogezea simu yake. "Umeona huyu mwizi wa Oldonyiro?" Ilikuwa ile picha ya skrini ya jana. Alama imeinama vile vile, na juu yake jina la ukurasa wangu, kwa herufi nzito nilizoziweka mwenyewe. Ameitoa kwenye kundi la watu wa miraa, ambao wameitoa sijui wapi. Nilimweleza. Alisema "kumbe", akaitia simu mfukoni. Sijui kama ameifuta.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilikuwa nauandika msemo huo kwenye matangazo ya watu, kwa mlazo, upendeze.

Nimepata gari la kwenda Oldonyiro, linatoka baada ya Alfajiri. Mama ameuliza naenda kufanya nini, nikamwambia kazi. Kisha nikarudi nikamwambia ukweli, kwa sababu leo nimeshasema uongo wa kutosha. Akaenda kunitafutia shuka ya kujifunika vumbi la njiani.

Tangu nifunge duka najaribu kuandika nitakachosema mbele ya wale wazee. Nimeandika kwenye karatasi, kwa kalamu, hakuna cha kupamba. Mara ya kwanza nilianza na "Mtambo". Nikafuta. Mara ya pili nikaanza na "Kame aliniandikia". Hiyo nimeichana kabisa. Mara ya tatu nikaanza na "Kulikuwa na foleni".

Jua linaelekea kuzama na karatasi ina neno moja tu ambalo sijalikata: Mimi.