Chapa ya Baba Ukutani

Garissa, Jumanne

Eti "safari yako ya sanaa". Yule mgeni kutoka Nairobi anayeandika habari za wachoraji alinikuta juu ya ngazi, nachora ngamia kwenye ukuta wa bucha ya Haji Dahir. Akaniuliza kwa huruma kama ni vita vya Somalia vilivyonifanya msanii. Dada, mimi mzaliwa wa hapa hapa!

Nikamwambia ukweli: nilianza kwetu Hulugho, kaunti hii hii, nikiwatia ngamia wetu chapa ya ukoo kwa chuma cha moto, baba akinisimamia. Kalamu yake haikusogea. Alitaka machozi, nikampa mavi ya ngamia.

Kumbe mkono wangu ulikuwa umeshachora chapa hiyo hiyo shingoni mwa ngamia wa ukutani. Haji akatoka na kisu chake.

"Waryaa, futa hiyo! Hiyo si chapa yangu, watu watasema nauza ngamia wa wizi!"

Nikafuta. Mgeni akapiga picha, akasema sasa ngamia amependeza.

Ngamia wetu wa mwisho alikufa kwa ukame, baba akamfuata. Chapa yao haiko tena kwenye ngozi ya mnyama yeyote. Leo ilirudi kwa nusu saa, kisha nikaifunika kwa rangi mwenyewe.